Siku Dorika Alipoinua Mkono

Nianze na kosa langu, maana nikilichelewesha mtamlaumu mtoto wa watu bure.

Asubuhi ya maonyesho ya punda, kabla jua halijatoka, nilikoroga masizi ya chungu na mafuta ya nyonyo, nikampaka Bahasha mgongoni. Bahasha ni punda wetu jike. Mjukuu wangu Dorika ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu rangi yake ni ya kaki kama bahasha za ofisini. Jioni ya jana yake, nilipompelekea pumba, nilikuwa nimeona amechubuka pale matandiko yanapokaa. Palikuwa na kidonda kibichi, kama kiganja cha mtoto mchanga. Mama yangu alitufundisha kwamba masizi na nyonyo hufukuza nzi. Nikampaka kwa huruma, nikaenda kunawa. Sikumwambia mtu. Kwetu mtu hatangazi kila anachompaka punda.

Sasa, punda ana mstari mweusi unaoshuka mgongoni, na mwingine unaokatiza mabegani. Kidonda kilikuwa pale pale mistari hiyo inapokutana. Nilipomaliza kupaka, hukuona kidonda tena. Uliona mistari tu, imekolea vizuri.

Siku ile ilikuwa Alhamisi. Jumapili yake, baada ya ibada, washenga wa Hezekia walikuwa waje kwetu.

Hilo la washenga halikuja kirahisi. Kwa miaka miwili mwanangu Gerald, baba yake Dorika, alikuwa akisema hapana. Alisema Hezekia ni mchuuzi wa maji tu, kijana wa punda na madumu, hana hata shamba la kusimamishia fimbo. Dorika alikuwa akilia jikoni, mama yake Luciana akimwambia apepete mtama na machozi yake asiyadondoshee humo. Kisha Gerald akashikwa na mgongo, akalala wiki tatu. Kila asubuhi tukifungua mlango tunakuta madumu manne ya maji yamepangwa ukutani, na alama za kwato zinarudi barabarani. Hezekia hakubisha hodi hata siku moja. Wiki ya tatu Gerald akasema, akiwa bado amelala chali, "Mwambieni huyo kijana wa maji aingie anywe uji."

Mimi nilikuwa namwita Hezekia mume wangu, kama tunavyowatania wanaotaka wajukuu zetu.

"Mume wangu," namwambia, "ukishamchukua Dorika, mimi utaniacha na nani?"

"Bibi, wewe ndiye mke mkubwa. Dorika atakuwa anakupikia."

"Nani apike?" Dorika anajibu kutoka jikoni. "Apike Meja!"

Meja alikuwa punda wa Hezekia, mweusi, mwenye masikio marefu na mwendo wa kujisikia.

Maonyesho yalifanyika uwanja wa mpira, pale Mkiwa. Wenyewe ni watu wa shirika moja la kutunza wanyama kazi, na mwamuzi alikuwa daktari wa mifugo, mwanamke mpole anayeitwa Dokta Flora. Sheria zilikuwa zimesomwa kwenye mkutano wiki moja kabla. Mimi sikwenda, nilikuwa naumwa miguu. Gerald alikwenda. Sheria ya kwanza, fimbo ibaki nyumbani. Sheria ya pili, punda mwenye kidonda haingii uwanjani, na atakayeficha kidonda jina lake litasomwa kwenye spika, watu wote wasikie.

Punda walikuja kumi na saba. Walitembezwa, wakasimamishwa, wakavutishwa mikokoteni kupita katikati ya mapipa. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, maana punda wa mzee mmoja alilala katikati ya uwanja akakataa kuamka, na mzee akavua kofia akamsujudia.

"Mwombe msamaha!" watu wakapiga kelele. "Umemkosea nini jana?"

Meja alipopita, mama mmoja wa sokoni akasema, "Tazameni huyo, anatembea kama mwalimu mkuu!"

Bahasha naye alipita. Dorika alikuwa amevaa gauni lake la bluu la kwaya, anatangulia mbele bila kuvuta kamba, punda anamfuata kama mtoto anavyomfuata mama dukani. Dokta Flora alimpapasa shingo, akamtazama kwato na mgongo, akaandika. Gerald alisimama karibu yangu, mikono nyuma. Sikuwahi kumwona ametulia vile.

"Mama," akaniambia bila kunitazama, "mwaka huu watatuheshimu."

Saa sita walibaki wawili tu, Bahasha na Meja. Mtihani wa mwisho ulikuwa kubeba gunia la alizeti mgongoni, kuzunguka uwanja mara mbili, kisha kusimama. Matandiko ya mikokoteni yakavuliwa ili yafungwe ya mizigo. Wakasimama Dorika na Hezekia bega kwa bega, wanangoja magunia, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya dumu nje ya kamba, hatua tano tu kutoka kwao. Kila neno nililisikia.

"Dorika," Hezekia akasema taratibu. "Tazama mkono wako."

Dorika akageuza kiganja. Kilikuwa cheusi. Bahasha alikuwa ametoka jasho, na masizi yangu yalikuwa yanashuka ubavuni kama wino. Dorika akapapasa tena pale mgongoni, na safari hii vidole vikarudi na wekundu.

"Mungu wangu. Hezekia, ana kidonda."

"Nimekiona. Simama hivi, mkinge kwa kivuli chako. Dokta yuko upande wa kule."

"Nani amempaka masizi?"

"Sijui, na usiniulize. Geuka hivi. Mimi sijaona kitu."

"Si umesema umekiona!"

"Ninachokiona mimi ni Jumapili," Hezekia akasema. "Nawaona washenga wangu wanaingia kwenu, baba yako anawakaribisha. Basi. Sina jicho lingine la kuona kitu kingine."

"Ukinyamaza utashindwa."

"Nishindwe. Nilikuja kushindana na punda. Sikuja kumwaibisha baba yako."

Dorika akamtazama. Nimewaona vijana wengi wakitazamana, lakini ule haukuwa mtazamo wa msichana anayetaka kuolewa. Ulikuwa wa mtu anayemwona mwenzake mzima mzima, na anampenda, na anaogopa.

Wanaume wawili wakaja na gunia. Walilishika huku na huku, wakahesabu moja, mbili. Bahasha alipoliona akarudisha masikio nyuma, ngozi ya mgongo ikatetemeka.

"Subirini," Dorika akasema.

"Tusubiri nini, binti? Jua hili!"

Hezekia akanong'ona, "Dorika, tafadhali."

"Atabeba kilo zote hizo juu ya kidonda, Hezekia. Mara mbili."

Akainua mkono. Ule ule mweusi. "Dokta! Njoo umwone punda wangu. Ana kidonda. Namtoa."

Nilijaribu kuamka. Nilitaka kusema ni mimi, ni bibi mzee na masizi yake, hapa hakuna mwizi. Lakini magoti yangu huamka kwa zamu, moja leo na jingine kesho. Kabla sijashika kamba, spika ilikuwa imeshasema. Mzee Gerald Ntandu, ametolewa kwa kuficha kidonda cha punda. Ikasema mara mbili, moja kwa ajili ya walio karibu na nyingine kwa ajili ya walio barabarani wanauza mahindi ya kuchoma.

Watu wakacheka. Sitawalaumu, walikuwa wanacheka tangu asubuhi.

"Kumbe masizi! Mngempaka na wanja!"

"Mzee Ntandu, saluni yako iko wapi? Na mimi nina punda mwenye mvi!"

Nilifika kwa Dokta Flora nikihema. Akanipisha kwenye kiti chake, yeye akachuchumaa mbele yangu kama mtoto wangu. Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafuta jina kwenye karatasi yake, akaniambia, "Bibi, nimekuelewa. Ulimpaka kwa huruma. Nitamsemea." Akasema kweli kwenye spika, lakini wakati huo walikuwa wanampigia Hezekia vigelegele, hakuna aliyesikia. Mtu akishachekwa, maelezo humfuata nyuma kwa mbali, kama mimi na magoti yangu.

Hezekia alipewa mkokoteni mpya wa magurudumu ya mpira. Akaomba kipaza sauti. Alikishika kama mtu aliyeshika nyoka.

"Mimi sijui kuongea," akasema. "Nashukuru. Ila kuongoza punda bila fimbo sikuzaliwa nako. Alinifundisha Mzee Gerald pale kisimani, mwaka juzi, aliponikuta nampiga Meja. Na mshindi wa leo ni yule dada aliyeinua mkono. Mpigieni yeye makofi."

Wachache wakapiga. Akashuka, akapita katikati ya watu hadi kwa Gerald, akainama, akanyoosha mikono yote miwili.

"Shikamoo, Baba."

Gerald alitia mikono yake mifukoni. Akageuka, akaanza kwenda nyumbani. Mikono ya Hezekia ilibaki hewani kidogo, kisha akaishusha na kujipangusa kwenye suruali, kana kwamba ndicho alichokuwa amekikusudia.

*

Nyumbani hakuna aliyekula. Luciana alipakua ugali na mlenda, ukapoa.

"Umenivua nguo mbele za watu," Gerald akamwambia Dorika. "Umempa bwana wako ushindi, ukanilipa mimi aibu."

"Baba, sikumpa mtu. Punda alikuwa anaumia."

"Usingeweza kuja kuninong'oneza? Mimi nilikuwa pale! Hatua kumi!"

"Gunia lilikuwa limeshainuliwa, Baba."

"Kwa hiyo Hezekia alikuambia uinue mkono."

"Hezekia aliniambia ninyamaze!" Dorika akalia. "Alikuwa radhi ashindwe. Aliniambia hakuja kukuaibisha. Mimi ndiye niliyekataa."

Nilidhani maneno yale yatamlainisha. Badala yake nilimwona mwanangu anabadilika uso, kama mtu aliyepigwa mahali asipopategemea. Akasimama.

"Luciana, tuma mtu. Washenga wasije Jumapili. Wala Jumapili nyingine."

"Baba Dorika," Luciana akasema, "mtoto wa watu ametuletea maji wiki tatu."

"Nimesema."

Akatoka. Dorika akateleza chini pale pale alipokuwa amesimama, akaegemea ukuta. Mama yake akamfunika khanga mabegani, akaketi chini kando yake, wala hakumwambia anyamaze.

Nilimfuata Gerald zizini. Alikuwa anamtazama Bahasha, ambaye Dokta Flora alikuwa amemsafisha na kumpaka dawa ya manjano.

"Mwanangu," nikasema, "mwenye kosa ni mimi. Mimi ndiye niliyempaka masizi. Mwite Hezekia, nitamweleza mbele yako. Mlaumu mama yako mzee, yaishe."

"Najua ni wewe, Mama."

"Unajua?"

"Nilikuona. Nilikuwa natoka chooni. Nikakuona unakoroga, nikakuona unapaka." Alikuwa anang'oa vijiti kwenye ua, kimoja kimoja. "Ulipoondoka nikaenda kutazama. Nikaona kidonda hakionekani. Sheria nilikuwa naijua. Nikachukua matandiko, nikamfunga mwenyewe, taratibu, yasifute."

Huyu ni mwanangu wa kwanza. Alipokuwa mdogo alikuwa akirudisha vifaranga vya majirani vilivyopotelea kwetu, hata vya watu tuliogombana nao.

"Nilitaka waniheshimu siku moja tu kabla ya Jumapili," akasema. "Nimpokee mkwe nikiwa mtu."

"Basi mwambie hivyo hivyo. Yule kijana ana moyo. Atakusamehe."

"Ameshanisamehe, Mama! Hukumwona? Alikuja kunipa mikono. Alikuwa radhi anipe mkokoteni. Dorika hakujua, na matandiko nilifunga mimi; nilimwona Hezekia usoni, anajua kila kitu." Akavunja kijiti. "Mkwe ni mtu wa kuheshimiana naye. Nitakaa naye vipi? Kila akiniamkia nitakuwa nasimama pale uwanjani."

"Watu husahau, Gerald."

"Watu watasahau. Yeye hatanikumbusha kamwe, mpaka siku ninakufa hatanikumbusha. Hilo ndilo nisiloliweza."

Kisha akaniomba nisimwambie Dorika. Nilimwahidi. Kumwahidi kulikuwa vibaya, na kutomwahidi kungekuwa vibaya vilevile. Mniwie radhi, mimi ni mama yake kabla sijawa bibi wa mtu.

*

Jumapili Hezekia alikuja peke yake. Alikuja saa tisa alasiri, na Meja na mkokoteni ule mpya, vitu vyake vimefungwa kwa shuka: godoro, sufuria mbili, baiskeli isiyo na gurudumu la mbele. Alisimama nje ya ua akapiga hodi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Karibu, mume wangu," nikasema.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Unahama?"

"Naenda Itigi. Kuna mzee wa asali anatafuta mtu mwenye punda, wa kutoa ndoo porini mpaka stesheni."

Dorika akatoka ndani. Macho yalikuwa yamevimba, lakini alikuwa amesuka nywele. Nilisogea kwenye kinu nikajifanya napepeta. Sikwenda mbali. Msichana akiagwa, ni vizuri awe na mtu wa kwake karibu.

"Itigi," Dorika akasema.

"Hapa kila nikipeleka maji naulizwa habari za masizi. Nikikaa, baba yako hatapita tena barabarani. Nimwachie njia."

"Na mimi unaniachia nini?"

Hezekia akashika kamba ya Meja, akaizungusha mkononi. "Rafiki yangu Fredrick ana pikipiki. Ameniambia, mwite aje kisimani, mpakie, mkifika Itigi wazee watakuja kuongea baadaye. Watu wengi wameoa hivyo."

"Wewe ukamwambia nini?"

"Si nimekuja kupiga hodi?"

Dorika akacheka kidogo, kile kicheko kinachotangulia machozi. "Ungeniita ningekuja. Ningekuja bila viatu."

"Najua. Ndiyo maana sikukuita. Ungekuwa unawaza nyumbani kila siku, na mimi ningekuwa nakuona unavyowaza." Akainua macho. "Dorika, nikuulize. Ungejua kwamba itakuwa hivi, ungeinua mkono?"

Kuku walikuwa wanaparura pembeni ya kinu. Dorika akawatazama.

"Ningeinua," akasema. "Ila ningelia kwanza, halafu ndiyo niinue."

Hezekia akatikisa kichwa kukubali. Akafuta macho kwa mkono wa shati, haraka.

"Baba yangu anakuchukia," Dorika akasema. "Sijui umemkosea nini. Hata jina lako hataki kulisikia."

"Hanichukii."

"Humjui."

"Hanichukii, Dorika. Nakuomba kitu kimoja tu. Usimuulize baba yako maswali mengi. Mpe maji ya kuoga yakiwa ya moto, mgongo wake bado. Usimnunie."

Hapo nikaacha kupepeta. Nikajua kwamba Gerald alikuwa amesema kweli. Kijana huyu alikuwa anajua yote, tangu uwanjani, na alikuwa anaondoka na siri ya mwanangu mfukoni, hata kwa Dorika hakuiacha. Angeweza kujitetea kwa neno moja, na akapata mke.

Mlango ukalia. Gerald akatoka, amevaa shati la kanisani, vifungo vimepishana. Alikuwa amesikia, sijui tangu wapi.

"Shikamoo, Baba," Hezekia akasema, akapiga goti kidogo.

"Marahaba."

Wakasimama. Gerald alikuwa anatazama magurudumu ya mkokoteni. Niliona midomo yake inafunguka na kujifunga. Nilimwomba Mungu, nikasema, Bwana, mpe neno moja, lolote.

"Umekula?" Gerald akauliza.

"Nimekula, Baba."

Hakuwa amekula. Midomo yake ilikuwa imekauka. Lakini alijua kwamba akisema hapana, mwanangu itambidi aketi naye kwenye sahani moja, na hilo lilikuwa kubwa kuliko nguvu za Gerald siku ile.

"Basi safari njema," Gerald akasema, akaupa uso wake ukuta.

Hezekia akanipa mikono miwili. Kwa Dorika hakutoa mkono. Alimtazama tu, naye akamtazama, mpaka Meja akachoka kusimama akaanza kwenda mwenyewe. Ikabidi amfuate.

Dorika alikwenda hadi mwisho wa ua, akashika mti wa katani, akabaki hapo. Mkokoteni ukapita kwa jirani zetu akina Simeoni, ukapita mashamba ya alizeti yaliyokwisha kuvunwa, ukaingia barabara kubwa. Gerald alikuwa bado ameugeukia ukuta, kiganja chake kimeegemea udongo.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo. "Amegeuka kutazama?"

"Amegeuka. Mara mbili."

"Alimtazama Dorika?"

"Mara ya kwanza, ndiyo."

Hakuniuliza mara ya pili alimtazama nani. Aliingia ndani, na kupitia dirishani nikamwona ameketi kitandani na viatu vyake, anafungua vifungo vya shati, na kuvifunga upya, na kuvifungua tena.